Chui wa Serikali na Mbuzi wa Mama Mkwe

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimeolewa karibuni Dagoretti. Mama mkwe wangu alikuwa na mbuzi wa maziwa aliyempenda kuliko sisi wakaza mwana wake. Chui akatoka msitu wa Ngong, akamla. Kumuua chui huyo ilikuwa jela, maana alikuwa mnyama wa Serikali.

"Kama ni chui wao, walipe," mama akasema.

Tukateremka mjini, pasi zetu za ruhusa ya safari mkononi, hadi ofisi ya wanyama. Bwana mkubwa, Mzungu wa soksi ndefu, alimsikiliza kupitia karani, kisha akauliza, "Amejuaje ni chui? Alete ushahidi."

Kesho yake mama akauleta. Alifungua gunia juu ya meza, na nzi tuliopanda nao basi wakatawanyika ofisini. Bwana mkubwa akakimbilia dirishani.

"Mwambie," alisema amebana pua, "chui akiwa msituni ni wa Serikali. Akitoka, Serikali haihusiki."

Karani alitafsiri bila kututazama. Mama akafunga gunia lake taratibu. Ndani ya basi watu walihama viti vya karibu nasi, nami nikamwonea mama huruma, na haya nikaona pia.

Wiki haikuisha, chui akamla mbwa wa bibi mmoja wa Kizungu kule Woodley. Kumbe huko Serikali inahusika sana! Siku hiyo hiyo lori lilifika na askari na mtego wa chuma. Walichokosa ni mbuzi wa chambo, na karani akakumbuka mbuzi wanakopatikana.

Bwana mkubwa akaja mwenyewe uani kwetu. Mama alimkaribisha vizuri, akamwonyesha mbuzi wake pekee aliyebaki, akamtajia bei ya mbuzi wawili.

"Lakini mimi nataka mmoja!"

"Wa pili umeshamwona. Nilikuletea mezani."

"Huu ni wizi!"

"Basi tegeni kwa mbwa."

Akalipa, shingo imemwiva.

Mbuzi akafungwa mtegoni bustanini kwa yule bibi, lakini chui hakunaswa. Bibi alimwonea mbuzi huruma, akamfungua jioni ile, naye akamaliza waridi zake zote. Kwa kuwa mbuzi sasa alikuwa wa Serikali, bibi alilipwa maua yake upesi. Mama alinunua mbuzi mwingine, akawa anamlaza jikoni karibu na moto, nami nikazoea kupika nikimpisha.