Mama wa Chai Alipokea kwa Mikono Miwili

Admin, ukiposti hii toa jina langu na la shule, juu kesi bado iko kortini. Mimi ni mwalimu wa primary, miaka 41. Kwetu ni Vihiga lakini Kitengela ndiko nimelea watoto wangu watatu. Wale wenye midomo michafu kwa comments, leo mnipumzishe. Nimejitukana vya kutosha.

Mimi na mzee wangu tulinunua ploti Kisaju kwa jasho letu, ikabaki tu title. Kwa ofisi moja huko Kajiado nikaambiwa faili imepotea. Miezi minane! Naomba ruhusa shuleni, nafika, naambiwa rudi wiki ijayo. Halafu siku moja bosi wa hiyo ofisi, mtu wa suti na tabasamu, akanifuata hadi kwa ngazi akaniambia, "Mwalimu, faili haina miguu. Hutembezwa." Akataja bei yake bila hata kupepesa macho.

Mtu pekee aliyenionea huruma pale alikuwa mama anayeuza chai kwa korido. Nitamwita Mama Naserian, mjane wa kutoka Bisil. Alikuwa ananisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," mimi namjibu "Iko" na ulimi wangu wa Kiluhya, anacheka mpaka machozi. Ndiye alinivuta kando akaninong'oneza, "Mwalimu, usidanganywe. Faili yako iko kwa droo yake. Mimi hupanguza hiyo meza."

Hayo maneno ndiyo yalinitia moto. Nikaenda kwa wale wapelelezi wa serikali wanaoshughulikia ufisadi. Siwezi kuwasingizia, walinisikiliza vizuri. Waliandika maelezo yangu, wakanipa kinasa sauti kidogo nirudi kwa bosi wahakikishe kweli anaitisha hongo. Bosi ni mjanja, alisema tu, "Wewe si mgeni huku. Kuja na ile kitu tutaongea." Wakaona tuendelee. Wakanipa bahasha yenye noti, ndani na nje imepakwa dawa isiyoonekana, na yule mkubwa wao akanionya mara mbili: "Ashike mwenyewe. Akikutuma kwa mtu mwingine, toka nayo." Nikaitikia kama mtoto wa nasari.

Siku yenyewe nilimkuta bosi amesimama kwa mlango wake na foleni ya watu. Nikamwambia, "Ile kitu nimekuja nayo." Hakufungua mdomo kuongea. Aliuchongoa tu kuelekea meza ya chai, vile sisi wote huelekezana. Jamani, kinasa sauti hakina macho. Ndipo nikaelewa kwamba huyu mtu hajawahi kushika kitu na mkono wake. Bahasha zote huachwa pale kwa chai, na Mama Naserian humpelekea akidhani ni barua za ofisi.

Ningetoka. Niliambiwa nitoke! Lakini foleni yote ilikuwa inaniangalia, na Mama Naserian ashasimama, ashafuta mikono kwa leso, anangoja. Nikampa. Alipokea kwa mikono miwili, ameinama kidogo, vile mtu mwenye adabu hupokea kitu cha mtu. Akanishukuru, "Ashe oleng, mwalimu."

Wapelelezi wakaingia. Wakampangusa viganja na pamba, na pamba ikageuka rangi, ya kulia na ya kushoto. Bosi alikuwa kwa mlango amekunja mikono, anatingisha kichwa pamoja na watu wengine. Nilipiga kelele nikasema ni yeye ameniashiria! Waliandika hayo pia. Lakini yule mkubwa wao aliniambia polepole kwa gari, "Mwalimu, tulikwambia nini? Sisi tunapeleka ushahidi kwa mwendesha mashtaka. Hasira yako hatuwezi kuipeleka." Aliyeshtakiwa ni Mama Naserian peke yake. Bosi bado anaingia kazini na suti yake.

Mnajua wiki iliyofuata nini kilifanyika? Bosi alinipigia simu. "Mwalimu, faili imeonekana. Kuja uchukue title." Nikaenda, Mungu anisamehe, nikaenda! Akanipa kwa mkono wake mwenyewe, mkono msafi, akasema, "Wakikuita kortini usiogope. Sema tu ukweli. Watakuuliza bahasha ulimpa nani." Akatabasamu.

Hiyo title iko chini ya godoro langu na silali. Mzee wangu anasema tujenge, yaliyopita si ndwele. Nikamwambia akajenge na mama yake, tukakosana siku tatu.

Jumapili iliyopita tukitoka kanisani nilimkuta Mama Naserian kwa geti yangu. Yuko nje kwa dhamana, na najua haturuhusiwi kuongea. Meza ya chai walishampa mtu mwingine. Nilimnyoshea mkono, hakuushika. Hakunitukana hata kidogo, heri angenitukana. Aliniuliza kitu kimoja: "Mwalimu, wakati unanipatia ile bahasha, ulijua iko na dawa?"

Nilianza kutafuta funguo za geti kwa mkoba. Akaniangalia, akafunga shuka yake vizuri, akaenda.

Sasa nimeletewa samansi. Niko shahidi wa kwanza. Habari ya mdomo wa bosi nitaisema hata nikichekwa, lakini wakili wa bosi ashaanza kuniita mama mwenye hasira ya ploti. Lile swali lingine halina kona: bahasha ulimpa nani? Nikidanganya, nafungwa mimi na bosi anashangilia. Nikisema ukweli, naenda kumfunga mtu pekee aliyeniambia ukweli kwa hiyo ofisi. Ndugu zangu, nyinyi ambao hamna haraka ya kuhukumu, nisaidieni mawazo. Siku hiyo nikisimama mbele ya hakimu na Mama Naserian ameketi pale ananiangalia, nijibu nini?