Namna nilivyojificha ndani ya CV yangu mwenyewe

Wakuu, heshima yenu.

Haya yamenitokea mimi, si rafiki yangu, na bado hayajaisha. Ndiyo maana kutulia kumenishinda.

Nina shahada ya maendeleo ya jamii na mvi za kutosha. Mradi niliokuwa nikiufanyia kazi ulipofungwa, nilirudi kwetu Ulemo, nikalima alizeti na kuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Mwaka huu nikaanza tena kutuma maombi ya kazi, kwa sababu umri hausubiri.

CV niliiandika kwa adabu niliyolelewa nayo. Sisi tulifundishwa kuwa kizuri chajiuza. Basi kila mstari ukaanza na "nilishiriki". Nilishiriki kujenga ghala. Nilishiriki kutafuta soko.

Mke wangu aliisoma akacheka. "Baba Neema, humu ndani wewe uko wapi?"

Nikajisemea hajui mambo ya ofisi.

Nikaitwa interview Nduguti, nafasi ya mratibu wa vikundi vya wakulima. Kwenye panel kulikuwa na dada mmoja, mdogo sana kwangu, ambaye aliniamkia vizuri tu tulipoanza. Alipofika ukurasa wa pili akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu, sisi tunaajiri mtu mmoja. Kijiji kizima hatutakiweza."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, huku jasho likinitoka.

Kwa kubanwa nikaeleza. Mvua ya ghafla ilitukuta na magunia ya alizeti nje, ghala halijaezekwa. Mwenyekiti wetu akataka kwanza tuitishe kikao. Mimi sikusubiri, nikaomba funguo za kanisa na za madrasa, tukaingiza mzigo wote.

"Mbona hili halimo humu?"

"Niliona ni kujisifu."

Kazi ile niliikosa. (Pengine ningeikosa hata hivyo, tusidanganyane.)

Hivi karibuni nafasi kama ile ikatangazwa tena. Nikaandika upya, sentensi fupi, kila moja ikisema nilichokifanya mimi: "Niliamua magunia yahamishwe kabla ya kikao."

Hapo ndipo raha ilipotoweka. Referee wangu wa kwanza, wa kuulizwa habari zangu, ni mwenyekiti yule yule, mama anayeheshimika, na sentensi ile inamgusa. Angechukia, simu moja tu ya mwajiri ingenimaliza.

Nikaenda kwake. Shikamoo, marahaba, nikamsomea. Akaendelea kupepeta mtama wake.

"Mwanangu, hukuamua tu. Ulitufokea kama mgambo. Hilo umelificha."

"Niliandike, mama?"

"Acha hivyo hivyo. Wakinipigia, nitawaambia mwenyewe."

Nimeituma juzi. Simu iko mezani, na sijui nimwogope mwajiri au referee wangu.

Nilichojifunza ni hiki: unyenyekevu ni mali, ila anayesoma CV hakuwepo siku ile ya mvua. Usipomwambia ulifanya nini, hana namna ya kujua. Mwambie kwa maneno ambayo waliokuwepo wakiyasikia hawatakukana.

Ninyi mliokwishavuka hapa, mliwezaje kujitaja bila kujikweza? Na mnaokaa kwenye panel, huwa mnasikia nini mkisoma "nilishiriki"? Nisemeni bila huruma, nasoma kila jibu.