Kocha Asiyewahi Kufukuzwa

Salvu Grech alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilitaja hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza: katika miaka arobaini ya mpira, nchi tisa na klabu kumi na nne, hakuna mtu aliyewahi kumfukuza. Siri haikuwa ustadi. Siri ilikuwa kuwahi. Akisikia viongozi wa klabu wanakutana bila yeye, aliandika barua ya kujiuzulu siku hiyohiyo, mistari minne, akaikabidhi asubuhi, na kufikia mchana alikuwa stesheni na begi lake la bluu.

Alizaliwa Malta, kisiwa ambacho kwa maelezo yake mwenyewe ukipiga pasi ndefu mno unamsumbua mvuvi. Alikuwa beki wa kushoto, mrefu, mwenye sura ya mtu anayesubiri majibu ya daktari. Alicheza Sisilia, akacheza Ugiriki daraja la pili, akaenda Melbourne, akaenda Oman. Kisha akakaa misimu miwili Mombasa, ambako alijifunza Kiswahili upesi kuliko kocha wake alivyotarajia, maana sita, saba na tisa alikuwa nazo tayari kutoka lugha ya kwao, zimebadilika kidogo tu. Kwa beki, hizo namba zinatosha kuanzia.

Alipostaafu kucheza akawa kocha, na mtindo ukawa uleule. Finland aliona wakuu wa klabu wamejifungia ofisini, akaandika barua. Miaka miwili baadaye alikutana na mwenyekiti wa zamani uwanja wa ndege, akaambiwa kwamba siku ile walikuwa wanajadili kumwongezea mkataba wa miaka mitatu na nyumba kando ya ziwa. Salvu alipenda kuwasimulia watu kisa hiki. Watu walicheka. Yeye alicheka pia, ila kwa kuchelewa kidogo.

London alifika kwa ajili ya wiki tatu. Sasa ni mwaka wa nane. Siku moja aliingia duka la dawa pale Queensbury kutafuta dawa ya kuchua goti, akamkuta mwenye duka, Mitesh, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, akimtukana refa wa mechi aliyoitazama kwenye simu kwa Kiswahili kilichonyooka. Salvu akamwambia, kwa Kiswahili, kwamba refa alikuwa sahihi. Baada ya dakika kumi alikuwa kocha wa Ziwa United. Hakuna aliyemwomba cheti.

Ziwa United ni timu ya Jumapili. Nusu ya wachezaji ni vijana wa Kihindi ambao wazazi wao walitoka Kisumu, nusu ni Wakongo wa Bukavu na Uvira. Kila upande una ziwa lake moyoni na hakuna aliye tayari timu ipewe jina la ziwa la mwenzake, ndiyo maana timu inaitwa Ziwa tu. Mwenyekiti ni Mitesh. Katibu ni Angélique, mama wa Kikongo anayetunza wazee majumbani, ambaye mwanawe Cédric ndiye nahodha. Jezi zimetolewa na duka la Mitesh, na namba ya simu ya duka imechapishwa mgongoni mwa kila mchezaji.

Salvu alipanga chumba Rayners Lane, juu ya duka la vitambaa. Chumba kilikuwa na kabati lenye hanga sita alizoachiwa na mwenye nyumba, na kwa miaka minane hakuna kilichotundikwa hapo. Nguo zilikaa ndani ya begi, karibu na mlango. Alitoa shati, akalivaa, akalifua, akalirudisha. Ukimuuliza, angesema ni mazoea. Ukweli ni kwamba aliipenda Ziwa United kuliko klabu zote kumi na tatu zilizotangulia, na mapenzi hayo yalimtia hofu.

Kisha nyonga ya kulia ikagoma. Hospitali wakasema itabadilishwa, akapangiwa Ijumaa, wiki tatu mbele. Katika fomu kulikuwa na swali: nani atakuwa nyumbani na mgonjwa siku za mwanzo? Bila mtu, hakuna upasuaji. Salvu aliitazama fomu ile kwa muda mrefu. Hakuwa na mke wala mtoto, na dada yake aliyebaki Malta alikuwa na nyonga zake mwenyewe za kushughulikia. Mwishowe akaandika: Mitesh, ndugu. Akaandika na namba, kwa kuwa ndiyo namba pekee aliyoijua kwa kichwa. Alikuwa ameitazama migongoni mwa watu kwa miaka minane.

Salvu hakumwambia Mitesh. Aliona haya.

Wiki iliyotangulia upasuaji mambo yakaanza kunuka. Ziwa United walikuwa wamefungwa mechi nne mfululizo, ya mwisho tano kwa moja, na timu ya mafundi bomba wa Harrow. Alhamisi jioni mazoezini, Salvu aliwakuta Angélique na Cédric wameinamia simu. Walipomwona wakanyamaza. Angélique akageuza simu, lakini beki wa zamani huona kinachopita pembeni, na Salvu alisoma jina la kundi vizuri kabisa: Kamati ya Kocha. Watu kumi na tisa. Yeye hakuwa mmoja wao.

Alirudi nyumbani akiburuta mguu, akaketi kitandani, akaandika mistari minne. Aliumia. Klabu nyingine zote aliziandikia kama mtu anayejaza fomu ya umeme. Hii aliirudia mara tatu, na mara zote tatu ikatoka mistari minne ileile.

Asubuhi akaipeleka dukani. Mitesh aliisoma akiwa amesimama, ndani ya koti lake jeupe.

“Kocha, hii ni nini?”

“Barua ya kujiuzulu.”

“Naona. Ni juu ya wale plumbers?”

“Ni juu ya kamati. Najua mna group.”

“Group iko,” Mitesh akasema. Akaweka barua juu ya kaunta. “Jumanne hospitali walinipigia. Nurse ananiuliza, are you Mr Grech's brother? Mimi niko na prescription ya mtu mkononi. Nikamwambia yes.”

Salvu aliegemea kaunta kuupumzisha mguu.

“Akauliza, older or younger? Nikasema younger. Hiyo hata si uongo.”

“Ulipaswa kunikatalia,” Salvu akasema.

“Nikukatalie kwa nurse? Sasa sikiza. Kwetu mtu akienda operation tunaunda committee, ama vipi? Na mgonjwa hawekwi kwa committee yake mwenyewe. Atakataa kila kitu.”

Akampa simu asome. Ijumaa kumpeleka hospitali, Jumamosi kumrudisha: Mitesh na gari. Jumamosi na Jumapili, kulala naye: Angélique. Jumatatu, chakula: Ushma, mke wa Mitesh. Zilifuata jumbe arobaini na mbili za mabishano kama Mmalta anaweza kula fufu, ule ugali wa mihogo, na mtu mmoja aliyeuliza Malta iko karibu na wapi.

Salvu alisoma yote mpaka chini. Akaikumbuka Finland, na nyumba iliyo kando ya ziwa, na safari hii hakucheka hata kwa kuchelewa. Aliona aibu, aibu hasa, ya kupasha masikio joto. Akanyoosha mkono achukue barua yake.

“Aa-a,” Mitesh akasema, akiitia kwenye droo. “Imeshapokelewa. Itajadiliwa meeting ijayo, na meeting ijayo ni ukianza kutembea.”

“Basi niingizeni kwenye group.”

“Hapana.”

Nyonga ikabadilishwa Ijumaa iliyofuata, kama ilivyopangwa. Jumapili asubuhi Salvu aliamka chumbani kwake, akageuza kichwa kuelekea mlangoni, na pale karibu na mlango palikuwa patupu.

“Begi langu liko wapi?”

Angélique alikuwa anakoroga uji. “Nguo yako nilishatundika yote mu kabati. Hanga hazikutosha, Miradie mwenzangu wa choir akaleta zingine. Ile sac, Cédric alibeba. Sac ya mipira ilipasuka.”

“Begi hilo limekwenda nchi tisa!”

“Basi leo inaenda match.”

Alikasirika kwelikweli. Alitafuta neno la kumjibu katika lugha zote alizowahi kuombea maji, na wakati akitafuta, macho yake yakaangukia kabati lililokuwa wazi. Mashati yake yalikuwa yamening'inia, yote, na lile alilolivaa Mombasa lilikuwa la kwanza kushoto. Hakujua kwamba yalikuwa mengi kiasi kile. Angélique alimletea uji, akaona machozi, akajifanya anatafuta kijiko.

“Mwambie Cédric,” Salvu akasema baadaye, “zipu inakwama upande wa kushoto. Asiivute kwa nguvu.”