Kibuyu cha Bibi na Mche wa Sabuni

Juzi, katika duka la vitu vya kale huko Arusha, niliona kibuyu cha maziwa chenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa ngozi. Hasira ikanipanda kabla hata sijakigusa.

Nyumbani kwetu Maisaka, nilipokuwa mtoto, sabuni ilikuwa imeadimika hadi tukawa tunafulia majani ya mpapai. Mchana mmoja alikuja mwanamume mwenye gunia, akitafuta vitu vya wazee. Macho yake yakatua kwenye kibuyu ambacho Bibi alirithi kwa mama yake. Kila asubuhi Bibi alikifukiza kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, mpaka maziwa yakanukia moshi.

"Hicho hakiuzwi, mwanangu," Bibi alimwambia. "Wewe ungeuza cha mama yako?"

Bibi alipokwenda kuchota maji, nilikibeba nikamkimbilia yule mtu barabarani. Akanipa mche mzima wa sabuni. Nikamwona mjinga kweli: sabuni mpya kwa kibuyu chenye ufa!

Bibi hakunipiga. Aliikata ile sabuni, akafua sare yangu ya shule, povu likamfika viwikoni. Afadhali angenipiga.

Basi pale dukani nikaingiza pua kwenye mdomo wa kile kibuyu, nikavuta pumzi kwa nguvu.

"Usiogope, dada," muuzaji akasema. "Tumekiosha vizuri. Wageni hawapendi ile harufu ya moshi."

Kilinuka sabuni.