Diski za Shemasi Ézéchias

Kahongya, fundi pikipiki wa Butembo, alishuku hata amina ya kanisani. Mwaka ule waasi walipotawala na kuweka vizuizi vya askari wao barabarani, alifungua pikipiki ya shemasi Ézéchias kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Diski za ambreyaje, yaani klachi, zilikuwa zimeungua, zinanuka vibaya.

"Ni mulima ya Musienene, papa," Ézéchias alisema. "Nabeba mufuko moja tu ya maharagwe."

"Maharagwe hapana unguza diski hivi! Unapiga gaz, unaachilia ambreyaje ghafla, gurudumu ya mbele inapanda juu, babinti banapiga makofi. Hapana?"

Ézéchias, baba wa watoto sita, anayeendesha polepole hata kuku wanampita, alikubali mara moja. "Ndiyo, papa. Ni ile michezo."

Upesi mno. Kahongya aliweka spana chini.

"Bon. Gurudumu ikipanda sana, pikipiki inataka kukuangusha kinyumanyuma, unafunga breki gani?"

"Ya mbele."

Ya mbele, na gurudumu lenyewe liko hewani! Kahongya alitazama chuma cha mizigo nyuma ya kiti. Kilikuwa kimepinda hadi kugusa taa. Mfuko mmoja wa maharagwe haupindi chuma. Mfuko mmoja wa risasi unakipinda.

Alifunga diski mpya, akarudisha ufunguo.

"Ni breki ya nyuma," alifoka. "Shika hiyo neno kichwani, mujinga wewe. Basoda ba ku bariere batakuuliza vilevile, nabo banajua pikipiki."