Nilivyomkanda Fahali wa Mjomba

Ndugu wasomaji, mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni hapa Kakamega, na elimu hiyo imeniponza. Mwalimu wetu wa afya alitufundisha kwamba kukandwa mwili hulegeza misuli, husambaza damu na huondoa mawazo. Niliyaamini maneno hayo kuliko Biblia.

Mjomba wangu wa Malinya alikuwa na fahali asiyewahi kushindwa, mkubwa kama lori la miwa. Wiki moja kabla ya pigano la mafahali alimfungia peke yake, asiguswe na mtu, ili hasira zimpande. Nami, kwa nia njema kabisa, nikawa naingia zizini kila alfajiri mjomba akiwa bado amelala, namkanda fahali shingo na mabega kwa mafuta ya kupikia. Siku ya tatu nilimkuta ananisubiri, macho ameyafumba nusu.

Jumamosi uwanja ulifurika. Ngoma za isukuti zililia, mpinzani akachimba ardhi kwa kwato. Fahali wetu alimtazama kidogo, akamgeuzia mgongo, akatembea taratibu hadi niliposimama, watu wakikimbia huku na huku. Akaniinamishia shingo.

"Mpe chai, ni mgeni wako!" mtu akapaza sauti. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mjomba hakucheka. Jina alilojengewa na fahali huyo miaka yote lilikuwa limeanguka mbele ya majirani. Alinijia, fimbo mkononi, akauliza polepole, "Mwana wa dada, ni wewe umekuwanga ukimshika huyu?"

Ningekana, lakini mkono wangu ulikuwa tayari shingoni mwa fahali, unakanda.