Mlango Uliolia Chumbani kwa Bibi

Nilikuwa darasa la kwanza wakati mlango wa chumba cha Bibi ulipoanza kulia. Mlango wenyewe haukuwepo, palikuwa na pazia tu. Kilicholia kilikuwa juu yake, ule ubao mnene uliobeba ukuta, ambao mafundi wanauita linta. Nyumba yetu kijijini Bonga ilikuwa ya tofali za udongo, na Babu ndiye aliyeijenga kwa mikono yake. Tulimzika wakati wa kiangazi. Mvua zilipofika, ubao nao ukaanza: kwiii, kisha vumbi kidogo likamwagikia pazia.

"Ni babu yenu," Bibi alituambia. "Bado anaingia na kutoka. Mkisikia, simameni. Mtu asipite mpaka amalize."

Hakusema ili kututisha. Alisema kwa sauti ileile ya kutuambia tunawe mikono. Lakini mimi niliogopa. Nilimpenda Babu alipokuwa hai. Sikutaka kugongana naye mlangoni. Nikitumwa kitu chumbani, nilisimama mbele ya pazia nikasikiliza, halafu nikachomoka mbio nimefumba macho.

Baba alitaka kumwita fundi autazame ule ubao. Bibi akakataa. "Unataka kumfungia baba yako nje?" Fundi hakuitwa.

Siku ile mchana, mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mdogo wangu Daudi, aliyekuwa bado anatambaa, alilala kitandani kwa Bibi, nami niliachwa nimwangalie. Bibi alikuwa sebuleni akichambua maharage. Lori zito likapita barabara ya Dodoma, nyumba ikatetemeka kama kawaida. Ila safari hii mlio haukuisha. Uliendelea, mrefu, kama mtu anayevuta pumzi asiitoe, na udongo ukaanza kudondoka vipande vipande.

Daudi akaamka akilia. Nikamkumbatia, nisiweze kusogea.

"Paskalina! Mlete mtoto!" Mama aliita kutoka uani.

"Mama, Babu anapita!"

"Babu gani? Nikija huko utanitambua!"

Nikasikia kandambili zake zikiingia sebuleni. Nikaona vidole vyake vikishika ukingo wa pazia. Nikapiga kelele ambayo mpaka leo sijui niliitoa wapi. Bibi naye akasema, kwa upole tu, "Mama Paskalina, subiri kidogo."

Mama hakuamini mambo hayo hata kidogo. Alisimama kwa sababu mkwewe amesema.

Ubao ukaanguka, na nusu ya ukuta juu yake.

Vumbi likafanya giza. Nilidhani Babu amekasirika, na kwamba sasa yumo chumbani pamoja nasi. Nilimsikia Mama akiita jina langu, kisha la Daudi, kisha majina yetu yakachanganyika mdomoni mwake. Alitaka kupita juu ya kifusi, na huku tofali nyingine zikining'inia. Bibi alimng'ang'ania kanga asimwachie. Jirani yetu Baba Joeli, ambaye ni fundi, alizunguka nyuma akang'oa dirisha. Nilimpa mtoto kwanza. Kisha nami nikatolewa nje.

Baadaye Baba Joeli aliuvunja mwisho wa ule ubao kwa vidole. Mchwa walikuwa wameula, umebaki kama unga. "Huu umekuwa ukiteleza kutoka ukutani tangu mvua zianze," alisema. Aliweka linta mpya, akakagua na ya mlango wa pili.

Majirani walisema Babu ametuokoa. Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi. Sasa nina nyumba na watoto wangu huku Bagara, na sisemi tena kwa wepesi ule. Neno la Bibi lilimsimamisha Mama, kweli. Lakini neno hilohilo lilimzuia fundi asije mapema.

Ninachokumbuka zaidi ni jioni baada ya ukuta mpya kukauka. Malori yalipita, nyumba ikatetemeka, na mlangoni kukawa kimya. Bibi alikaa kitandani akisikiliza. Nikamuuliza Babu amekwenda wapi.

"Sijui," alisema.

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Sisi tulihesabu kwamba tumepona. Imenichukua mpaka utu uzima kuelewa kwamba kwake yeye, jioni ile ndipo Babu alipokufa.